Lami Ndani ya Kisanduku: Kanyagio la Gita na Historia Yake Pwani Yetu

Mwaka 1986, barazani kwa fundi redio mmoja wa Mikindani, nilishika kandili huku yeye akifungua kisanduku cha chuma kisichozidi ukubwa wa nusu mche wa sabuni. Kililetwa na baharia aliyeshuka bandari ya Mtwara, akamwuzia mpiga gita wa bendi moja ya mjini, na haikupita miezi mingi kikanyamaza. Fundi alitoa skrubu nne, akainua kifuniko. Ndani hapakuwa na cha kutazama. Mtengenezaji alikuwa amemimina gundi nyeusi iliyoganda kama lami, ikafunika kila kipande, ili atakayekifungua asijue kilichomo. Fundi alipasha wembe moto akakwangua kwa siku mbili, na alipofika chini ya lami alikuwa amekwisha kuvunja alivyokuwa akivitafuta.

Hakutukana wala hakulalamika. Alinirudishia kifuniko mkononi akasema, "Mwanangu, huyu bwana alitaka kitu chake kikifa kirudi kwake. Hakufikiri kuwa kuna Mikindani."

Makala haya nayaandika kwa ajili ya lami ile, ambayo tangu siku hiyo nimeikuta mahali pengi, na kwa ajili ya watu walioamua kutengeneza visanduku visivyokuwa nayo.

Kanyagio ni neno la kale katika lugha yetu. Fundi cherehani analo chini ya meza yake, mfumaji analo, na sasa mpiga gita naye analo. Gita la umeme ni kitu dhaifu kuliko tunavyodhani tunapolisikia likitikisa ukumbi. Uzi wa chuma hutikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, na mtikisiko huo huzaa umeme mdogo sana, unaosafiri kwa waya hadi kwenye amplifaya ndipo ukapata nguvu. Kanyagio huketi katikati ya safari hiyo. Mpigaji akilibonyeza kwa mguu, mawimbi yanayopita huguswa: yakikatwa vilele, sauti hukwaruza, yakicheleweshwa na kurudiwa, huwa mwangwi, yakipandishwa na kushushwa haraka, sauti hutetemeka kama ya mtu anayelia huku akijizuia.

Vitabu vingi husema mkwaruzo wa gita ulizaliwa Marekani, na ushahidi wake ni mzuri. Katika studio moja ya Nashville, wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins uliotoka 1961, njia mojawapo ya mtambo wa kuchanganyia sauti iliharibika. Gita zito la Grady Martin likatoka likinguruma kama gari bovu. Kosa lile liliachwa katika sahani ya santuri, watu wakalipenda, na fundi mitambo Glenn Snoddy akakaa chini kutafuta namna ya kulitengeneza kosa lile lile kwa transista. Kisanduku chake kilitolewa na kampuni ya Gibson mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Hakikununuliwa sana mpaka mwaka 1965, Rolling Stones walipokitumia, na hapo ndipo dunia nzima ilipokitaka.

Hiyo ni historia ya kisanduku. Historia ya sauti yenyewe ni ndefu zaidi, na haikuanzia Nashville. Wagogo wa Dodoma, katika ilimba yao, hutoboa tundu kwenye kasha na kulifunika kwa utando laini wa buibui, ule unaohifadhi mayai yake. Vyuma vinapopigwa, utando hutetema na kuongeza mvumo juu ya kila noti. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliipeleka sauti hiyo katika majukwaa ya Ulaya na Japani, na wengi waliomsikia walidhani chombo kina ufa. Wachopi wa kusini mwa Msumbiji hutia utando namna hiyo katika vibuyu vya timbila zao. Kwa masikio ya watu hawa, noti iliyo safi kabisa ni noti iliyo uchi; huvikwa mvumo kama mtu anavyovikwa nguo. Basi mafundi wa Marekani walipolipata kosa lile kwa bahati, huku kwetu lilikuwa limekwisha kutafutwa kwa makusudi kwa vizazi na vizazi, na hapakuwa na aliyemficha mwenziwe namna ya kumtafuta buibui.

Gita la umeme lilipofika kwetu lilikuta masikio yaliyokwisha kuzoezwa hivyo. Lilipita kwa haraka kutoka bendi moja hadi nyingine. Katika miaka ya 1960 Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, Western Jazz, Atomic ya Tanga na Dar es Salaam Jazz ya Michael Enoch zilikuwa zikishindana kwa magita mawili matatu yanayojibizana. Hata taarabu haikusalimika: Lucky Star na Black Star za Tanga zililiingiza gita la umeme mahali palipokuwa pa udi, na wazee wa Unguja waliguna. (Nakumbuka mmoja aliyeniambia, miaka mingi baadaye, kwamba bado anaguna.)

Lakini kuna jambo ambalo wasifu wa wanamuziki hawa hulipita upesi, nami nataka nilikalie. Wapigaji wale, kwa sehemu kubwa, hawakuwa na magita yao. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park, iliyozaliwa 1978, ilikuja kushikwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Gita, amplifaya, spika na kanyagio kama lilikuwapo, vyote vilikuwa vya mwenye bendi. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye vyombo vya Safari Sound, aliivunja bendi aliyokuwa nayo akawachukua wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, miongoni mwao Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka na Abel Balthazar, akaunda International Orchestra Safari Sound, iliyojulikana kwa mtindo wa Ndekule. Mashabiki waliliona jambo hili kama usajili wa wachezaji wa mpira. Mimi naliona kama ushahidi wa nani alikuwa na nini: watu walihama na vidole vyao, na sauti waliyoitoa ilitegemea vyombo watakavyovikuta waendako.

Na vyombo vilikuwa adimu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikakomba fedha za kigeni zilizokuwapo. Aliyeunguza transista Dar es Salaam alihangaika. Aliyeiunguza Mtwara, mwisho wa barabara iliyokatika kila masika pale Rufiji, aliisahau. Ndipo mafundi redio walipokuwa waungwana wa muziki wetu bila kutajwa katika santuri hata moja.

Nimewahi kuuliza kwa nini fundi wetu wa Mikindani alijisumbua na kisanduku kile siku mbili nzima. Jibu nililipata nilipojifunza, kwa kusoma peke yangu, kilichomo katika kanyagio la mkwaruzo. Lile mashuhuri la Kiingereza la mwaka 1966, Fuzz Face, lina transista mbili na vipande vingine visivyozidi kumi. Transista zenyewe ni za germani, jamii ile ile iliyokuwamo katika redio ndogo za betri ambazo babu zetu walizisikilizia habari za uhuru. Maana yake, redio moja mbovu iliyotupwa jalalani ilikuwa na karibu kila kitu kilichohitajika. Fundi yule aliweza kutengeneza kisanduku kama kile, na hata kumi, lau angeruhusiwa kutazama kimoja tu. Lami haikumzuia kuiba mali, maana mali yenyewe ilikuwa mezani kwake. Ilimzuia kujua kwamba anayo.

Snoddy aliomba hataza ya kifaa chake, na hataza ina masharti: anayetaka kulindwa na serikali huchora alichokibuni na kukiandika wazi, na muda wake ukiisha kila mtu hukitumia. Ni mapatano ya haki, nami siyapingi. Lami haina muda wa kwisha.

Mafundi wetu walifanya walichoweza. Amplifaya zilizotengenezwa kwa redio za valvu, zikisukumwa kupita uwezo wake, zilikwaruza zenyewe bila kanyagio. Betri ya gari iliyokaribia kwisha iliifanya sauti ilegee na kuchubuka kwa namna ambayo leo watu wa Ulaya huilipia fedha nyingi waipate. Huko Kinshasa, Mingiedi Mawangu wa kundi la Konono N°1 aliziwekea likembe zake vinasa sauti alivyoviunda kwa sumaku za vipuri vya magari, akazipitisha katika vipaza sauti vya tarumbeta; santuri yao iliyotoka miaka ya katikati ya 2000 iliwashangaza wapiga gita wa nchi tajiri. Dar es Salaam, vijana wa mchiriku walifanya lililo ndugu na hilo: kinanda kidogo cha Casio cha kuchezea watoto, amplifaya ya bei poa, spika za tarumbeta za kutangazia mikutano, na ngoma za Kizaramo chini yake. Jagwa Music waliipeleka sauti hiyo ng'ambo kwa santuri ya mwaka 2012. Waliokuwa wakiiita makelele ya uswahilini walikaa kimya kidogo, kisha wakaendelea.

Baada ya hapo kisanduku kilibadilika tabia. Kanyagio la kisasa halikati tena mawimbi kwa transista, huyahesabu. Sauti ikiingia hupimwa mara elfu arobaini na kitu kwa sekunde, kila kipimo huwa namba, namba hufanyiwa hesabu, kisha hurudishwa kuwa sauti kabla sikio halijang'amua kuchelewa. Kinachoamua kama utasikia mwangwi au mkwaruzo ni programu, yaani mistari ya maelekezo. Hapo lami mpya ikapatikana, nzuri kuliko ile ya kwanza kwa sababu haionekani. Unaweza kufungua kifuniko, ukaona kila kipande kinang'aa, na usijue lolote.

Waliolipinga jambo hili hawakuwa wanamuziki. Richard Stallman, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alichukizwa na mashine ya kuchapishia ambayo programu yake alinyimwa asiitengeneze. Mwaka 1983 akatangaza mradi wake wa kuandika programu ambazo kila mtu ataweza kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa. Fikra hiyo ilichukua muda kuufikia mguu wa mpiga gita. Watu wa kituo cha GRAME huko Lyon walitoa mwaka 2002 lugha ya Faust, inayomwezesha mtu kuandika sauti kama anayeandika hesabu. Keith Barr, mmoja wa waasisi wa kampuni ya MXR, ambaye kwa hakika alitajirika kwa visanduku vilivyofungwa, alibuni kabla ya kufariki 2010 chipu iitwayo FV-1: maelekezo 128 kwa kila kipimo cha sauti, si zaidi, na namna ya kuyaandika ikawekwa hadharani. Chipu yenyewe haikuwa huria, lakini mlango ulikuwa na kitasa. Mwaka 2013 kanyagio la OWL likachangiwa fedha na umma kutoka London, 2014 likafuata MOD Duo la Wabrazili, na 2020 ubao mdogo uitwao Daisy, mwembamba kama kijiti cha kuchezea dhumna, ambao juu yake kijana yeyote mwenye kompyuta na subira anaweza kuandika kanyagio lake mwenyewe na kulisoma la mwenziwe.

Sisi watu wa lugha tulikuwa na mchango wetu, ingawa hausimuliwi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na kwa mradi ule neno programu huria likaenea. Mimi niliye mfasiri naliona chaguo hilo kuwa la heri. Kiingereza kina neno moja kwa mambo mawili, na wenyewe hulazimika kueleza kila mara kama wanakusudia uhuru au kutolipa. Kiswahili kina huria na kina bure, na mwenye akili timamu hawezi kuyachanganya.

Hata hivyo yanachanganywa, tena na watu wenye sababu. Nilipomweleza mpiga gita mmoja mkongwe, aliyestaafu kutoka bendi ya Dar es Salaam na kurudi kwao Lindi, habari za visanduku hivi, alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza, "Kwa hiyo mnataka tena tutoe bure?" Nilitahayari. Nyimbo alizopiga zilirekodiwa Redio Tanzania, zikapigwa hewani kwa miaka, zikanakiliwa kaseti kwa kaseti katika vibanda vya kila stendi, na yeye hakuambulia kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja 1999, wakati vidole vyake vimekwisha kukakamaa. Kwa mtu kama huyu, kila anayesifu kugawana anafanana na mwenye kibanda.

Nilimjibu kama ifuatavyo, na sijui kama nilimridhisha. Leseni huria haikuiondoa hakimiliki. Imesimama juu yake. Aliyeandika programu hubaki mwenyewe, jina lake hukaa juu, na leseni za namna ile aliyoiasisi Stallman humfunga anayeibadili na kuigawa aiache wazi kama alivyoikuta. Mwenye kibanda hakuacha jina wala hakuacha kitu wazi. Tena akumbuke alichojifunza yeye mwenyewe: namna ya kulifunga gita la pili nyuma ya la kwanza alifundishwa na nani, na alilipa nini? Sisi washairi twalijua hili tangu zamani. Muyaka wa Mombasa, aliyefariki 1840, aliipa nguvu beti ya mishororo minne yenye mizani kumi na sita, na tangu hapo hatujalipa kodi kwa kuitumia. Beti zake ni zake. Bahari ni ya kila mwenye chombo.

Alicheka kidogo, akaniuliza Wamakonde je. Ni swali zuri kuliko langu. Katika nyanda hizi za Ruvuma kinyago cha lipiko huandaliwa mafichoni, na asiyepita jandoni haruhusiwi kukiona kikiwa hakijavaliwa. Mbona hiyo si lami? Nimelifikiri sana, na nionavyo, siri ya lipiko ina mlango, na mlango ni mafunzo: kila kizazi cha wavulana hupitishwa, huonyeshwa, hukabidhiwa. Siri ya namna hiyo huogopa kupotea. Lami hufa na kisanduku.

Mwaka 2021 mpwa wangu, aliyesomea umeme Mtwara mjini, alichangishana na wenzake wawili wakaagiza ubao mmoja. Akaja nao Mikindani na jambo aliloling'ang'ania: anataka mvumo wa utando wa buibui katika gita, si mkwaruzo wa Nashville. "Mjomba," akaniambia, "programu ninayo, ila sielewi walichoandika pembeni." Tulikaa usiku kadhaa. Yeye aliisoma mistari, mimi nikafasiri maelezo. Mahali ambapo sauti huwekwa kwa muda kabla ya kupelekwa mbele tulipaita kihori, kwa kuwa huchukua mzigo mdogo, hushusha, hurudi tena. Kiwango ambacho wimbi likikivuka huguswa, kizingiti. Kukata vilele kulitusumbua. Nilipendekeza kukata, akasema ni kukali mno, kwani huu mvumo haukati bali hupunguza hapa na kuacha pale. Ni mama yake, aliyekuwa akipita na ndoo, aliyesema, "Si ndiko kupogoa huko?" Tukaandika kupogoa.

Jaribio la kwanza lilitoa sauti ya nyuki ndani ya debe. La pili halikutoa kitu. La nne au la tano lilikaribia, ingawa sikioni mwangu lilifanana zaidi na redio ya fundi wetu, ile aliyoisikilizia taarifa ya habari ya saa mbili usiku huku koni ya spika imechanika na kubandikwa karatasi. Fundi alifariki zamani. Nilimwomba mpwa wangu aiache ilivyo, akaiweka hadharani pamoja na maelezo yetu ya Kiswahili, chini ya leseni ile ile aliyoikuta.

Mwaka uliofuata alinionyesha kwamba mtu tusiyemjua, wa nchi ambayo hakuitaja, ameichukua programu ile na kuirekebisha. Ameshusha kizingiti, ameongeza kihori cha pili ili mvumo uchelewe kidogo nyuma ya noti, na maelezo yake mwenyewe ameyaandika kwa Kireno. Neno kupogoa ameliacha lilivyo.